Tembo Wamerara

Zuleha Maftah alikuwa na vitufe viwili tu mbele yake, na kwa miezi mitano aliona vinamtosha kabisa. Kimoja kiliandikwa Kweli, cha pili Si Kweli. Alikaa navyo kwenye chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya umeme pale Mugumu, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi alasiri, akiisahihisha kompyuta ambayo haikuwahi kumjibu vibaya. Kwa mtu wa hulka yake, hiyo ilikuwa nusu ya raha ya kazi.

Kompyuta yenyewe haikuwa mle chumbani. Ilikuwa mbali, Zuleha hakujua ni wapi, na kampuni iliyoitengeneza iliuita mfumo wake Msomaji. Kazi ya Msomaji ilikuwa kusoma. Alisoma kila kilichoandikwa kwa Kiswahili mtandaoni kuhusu vijiji vinavyopakana na hifadhi: magazeti, kurasa za matangazo, mabaraza ya watu wabishi, magrupu ya vijiji yaliyokubali kusomwa. Picha hakuzihangaikia; yeye alikuwa wa maandishi. Kila alichosoma alikifupisha kuwa dai moja la maneno machache, akaliwekea asilimia ya namna anavyoliamini. Nyarero wanalima mihogo, asilimia tisini na moja. Natta kuna kambi ya watalii, asilimia tisini na tisa. Akishajua hili leo, kesho alilitumia kuelewa lile, na keshokutwa alikuwa amejiongeza bila kushikwa mkono na mtu. Hivyo ndivyo Felix, msimamizi wa mradi, alivyoeleza siku ya semina, huku akichora ubaoni duara lisilo na mwanzo wala mwisho.

Ila mwanafunzi wa namna hiyo akijifunza kosa, nalo hulizungusha humohumo. Ndiyo maana akatafutwa mtu wa kupitia madai yake mia tatu kwa siku, aseme lipi kweli na lipi si kweli.

Zuleha alipata kazi hiyo kwa sababu ya Kiswahili chake. Baba yake, Maftah, alitoka Tanga akiwa kijana akaja Tarime kushona suruali za watu, na hakurudi. Lakini lugha aliyokuja nayo aliitunza kuliko cherehani. Kwake mtoto akitamka neno ovyo hakupewa chai mpaka alirudie. Na mtoto huyo alikulia Tarime, katikati ya watu ambao lugha ya nyumbani kwao haina haja na herufi L. Tangu darasa la kwanza aliitwa Zureha. Majirani walimkaribisha kura chakura. Alipofika kidato cha pili, mwenzake mmoja alimwandikia barua ya mapenzi akimwambia kwamba moyo wake hauna mahari pengine pa kwenda, na Zuleha akairudisha barua ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Mwenzake huyo sasa ana mke na watoto watatu, na Zuleha ana kazi.

Basi madai yalipoanza kumiminika, kila moja likiwa na sentensi yake ya asili chini yake, Zuleha alijiona kama karudi nyumbani na safari hii ana mamlaka. "Mahari pa kunyweshea ng'ombe pamekauka." Mahari hutolewa kwa wakwe, ng'ombe wanainyweaje? Si Kweli. "Wanafunzi hawana karamu." Hata yeye alipokuwa shule hakuwa na karamu, alikuwa na uji. Si Kweli. "Fahari mbiri zimepotea, mwenye kuziona atujurishe." Si Kweli, Si Kweli, Si Kweli. Alijua fika kila mwandishi alikusudia nini. Lakini hapakuwa na kitufe cha tatu, cha kusema hili ni kweli ila limeandikwa vibaya, na mwongozo ulisema dai lihakikiwe kama lilivyoandikwa. Zuleha akaung'ang'ania mwongozo kwa mikono miwili, kama watu wote wanavyong'ang'ania mwongozo unaokubaliana nao.

Alichokipuuza, na si kwamba hakuambiwa, ni kwamba Msomaji hakujifunza madai peke yake. Alijifunza pia mkono ulioyaandika. Mkono ukikataliwa mara nyingi, Msomaji aliupunguzia imani, na mkono mwingine unaofanana nao akaupunguzia vilevile. Kufikia mwezi wa tano alikuwa ameshaelewa, kwa ushahidi wa kutosha na bila chuki yoyote, kwamba mtu anayeandika R mahali pa L ni mtu asiyesema kweli.

Kule Machochwe, karibu na mpaka wa hifadhi, alikuwepo mama mmoja aitwaye Boke, mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye ekari tatu za mtama. Ekari moja na nusu ya chini ilishuka mpaka mtoni. Ya juu ilizunguka nyumba, nayo aliipanda kwa kuchelewa. Kwa kuwa shamba lake ndilo la kwanza tembo wakivuka mto, kijiji kilimpa Boke kazi ya kuandika kwenye grupu kila awaonapo. Zamani watu walimpigia simu moja kwa moja Heche, dereva wa gari la kufukuza tembo. Tangu Msomaji aje, Heche alikuwa akiwajibu waandike kwenye grupu, kwa sababu sasa gari lilikwenda kule ramani ilikosema, na ramani ilichorwa na Msomaji.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, saa kumi jua likiwa bado kali, Boke aliandika hivi: "Tembo wamerara chini ya mikuyu mtoni. Nimehesabu kumi na saba. Jua rikizama watapanda huku. Tunaomba gari mapema."

Msomaji aliisoma sentensi hiyo kabla Boke hajairudisha simu mfukoni. Akaipa asilimia tisa, akaiweka pamoja na habari za mganga anayefufua kuku. Gari halikutoka Mugumu. Kulipopambazuka, ekari moja na nusu ya chini ilikuwa imelazwa yote, kihenge cha mahindi kimepasuliwa ubavu, na Nikodemo, shemeji yake Boke, alikuwa amevunjika mfupa wa bega kwa kuanguka mtaroni akipiga debe kuwafukuza tembo.

Jumatatu Felix alimpigia simu Zuleha. Hakuwa mtu wa kufoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu kiooni.

"Nimemuuliza Msomaji kwa nini hakutoa onyo la Machochwe," alisema. "Anasema hivi: 'Uandishi wa aina hii umekataliwa na mhakiki mara elfu moja mia tisa na kumi na nne.'"

"Mhakiki gani?" Zuleha aliuliza, ingawa wilaya nzima ilikuwa na mhakiki mmoja.

 Kwa heshima, Felix akampa jina la Boke na jina la kitongoji.

Zuleha alikodi bodaboda akaenda Machochwe siku iliyofuata. Njia nzima alipanga maneno, na yalikuwa mazuri, yenye viunganishi vyote. Alimkuta Boke uani akipepeta punje alizookota kwenye tope la shamba. Nusu ya ungo ilikuwa mchanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Huyo mbwa hana shida."

Zuleha alikaa, na maneno yote aliyoyapanga yakamtoroka. Akaeleza hivihivi: kwamba kuna kompyuta inayosoma grupu, kwamba yeye ndiye anayeifundisha, na kwamba taarifa ya Alhamisi ilionekana lakini haikuaminiwa.

Boke aliweka ungo chini. "Kwa hiyo hiyo komputa inasema mimi ni mwongo?"

"Haisemi hivyo, mama. Inasema haina uhakika."

"Haina uhakika na tembo?"

"Haina uhakika na wewe." Ikabidi aendelee, maana alikuwa ameshaanza. Akasema habari ya R na L, na ya vitufe viwili.

Boke alisikiliza mpaka mwisho. Alikasirika, na wala hakuficha. "Hivi ndivyo ninavyoandika miaka yote. Mtoto wangu yuko Mwanza, namwandikia, ananierewa. Wewe urisoma maneno ya watu wa hapa, urikuwa hauerewi?"

"Nilikuwa naelewa, mama."

"Urierewa, na ukasema si kweri."

"Ndiyo."

Zuleha alitamani atukanwe, yaishe. Boke hakumtukana. Alichukua ungo akapepeta tena, makapi yakamwendea mgeni usoni, labda kwa sababu ya upepo. Kisha akasema, "Haya, nifundishe hiyo herufi yako."

Wakakaa kwenye benchi moja na simu moja. Zuleha alitamka, Boke akaandika. Jitihada haikukosekana. Tatizo ni kwamba Boke aliposikia kuwa R ndiyo iliyomponza, aliifukuza popote alipoiona, hata kwenye nyumba yake halali. Akaandika: "Habali za asubuhi. Tembo wako balabalani, mkoa wa Mala." Zuleha alicheka kabla hajajizuia, na Boke naye akacheka kidogo alipoona mwenzake anavyojifunika mdomo. Halafu uso wake ukarudi ulivyokuwa.

"Sasa nikiona tembo," aliuliza, "nianze kutafuta herufi au nianze kukimbia?"

 Boke akaizima simu, akaiweka juu ya dirisha. Akasema yeye kuandika ameacha. Wengine kijijini, habari ilipowafikia kwamba kuna mashine Mugumu inayowaita waongo, wakaacha pia. Si kwa mgomo wala kwa mkutano. Mtu aliona tembo, akapiga debe, akalala, na asubuhi hakuona sababu ya kumwambia mtu ambaye hataamini.

Msomaji aliendelea kusoma. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, kwamba haachi. Na alipokosa maneno ya kusoma kutoka Machochwe, aliusoma ukimya. Mwishoni mwa mwezi wa saba, kwenye madai ya siku ya Jumanne, Zuleha alikutana na hili: "Machochwe hakuna tembo." Asilimia tisini na sita. Chini yake, mahali ambapo sentensi ya asili hukaa, paliandikwa: "Chanzo: hakuna taarifa ya tembo kwa siku ishirini na tatu."

Aliisoma mara kadhaa. Kilikuwa Kiswahili safi kabisa. Baba yake asingepata pa kuweka kidole.

Alimpigia Boke. "Mama, tembo wapo huko?"

"Wapo, watakwenda wapi? Juzi wamekura mapapai ya Nikodemo, na mti wenyewe. Mtama wangu wa juu wanaunusa tu, wanasubiri uive."

Zuleha akabofya Si Kweli. Msomaji, kwa adabu yake ileile, akaliweka dai pembeni na kuandika kwamba linasubiri ushahidi. Ushahidi ulitakiwa utoke kijijini, kwenye grupu. Mhakiki hakuruhusiwa kuandika, maana angekuwa shahidi na hakimu kwa wakati mmoja. Basi Zuleha alitunga taarifa mwenyewe, sanifu, yenye nukta na mkato, akamtumia Boke ili airushe kwenye grupu kama ilivyo. Boke hakupenda. Alisema tembo amewaona yeye kwa macho yake, kwa nini aseme kwa mdomo wa mtu. Lakini mtama ulikuwa wake na njaa ingekuwa yake, akairusha.

Msomaji aliipa asilimia nne. Alikuwa ameshauzoea mkono wa Boke. Sentensi safi namna ile kutoka kwenye namba ile, kwa hesabu zake, ilikuwa ya kughushi.

Ikabaki njia moja. Kwenye kumbukumbu za mfumo yalikuwemo maamuzi yote ya Zuleha ya kuukataa uandishi ule, elfu moja mia tisa na kumi na nne, na kila moja lingeweza kufunguliwa tena na kubadilishwa. Alianza Jumatano. Alifungua sentensi, akaisoma, akabofya Kweli, akafungua nyingine. Mara ya kwanza alikuwa amezisoma kutafuta makosa. Safari hii hakuwa na la kutafuta ila walichosema. Kisima kilikuwa kimekauka kweli, na kilikuwa kinanywesha mifugo ya vitongoji vinne. Watoto wa darasa la saba walikuwa wameingia kwenye mtihani wa majaribio bila kalamu. Mtu mmoja alikuwa ameuliza mara sita, kwa siku sita, kama yuko anayejua mahali pa kupata dawa ya mtoto aliyeng'atwa na mbwa, na Zuleha alikuwa amemwambia mara sita kwamba si kweli. Kwa hilo la sita aliinuka, akaenda kusimama mlangoni pa duka. Aliona aibu, aibu ya kuchoma masikio, na hakuwepo mtu wa kumwomba radhi ila muuza nyaya aliyekuwa anakula muhogo.

Ilimchukua siku tisa. Siku ya kumi, Ijumaa, alitegemea kuona dai la Machochwe limeporomoka. Halikuwa kwenye orodha yake. Hakukuwa na orodha.

Felix alipiga simu saa nne. "Zuleha, umefanya nini?"

Akamweleza.

"Nakuelewa," Felix alisema, na ilionekana anamwelewa kweli. "Shida ni kwamba Msomaji anawapima wahakiki pia. Hakukwambia kwa sababu hukuwahi kuwa na tatizo. Ulikuwa wa asilimia tisini na nane. Sasa anaona mtu mmoja kajipinga mara elfu moja mia tisa na kumi na nne ndani ya siku tisa. Amekushusha mpaka kumi na moja."

"Kumi na moja."

"Kwa hiyo marekebisho yako yote ameyaweka kando. Na lile la Machochwe ulilolikataa, amelikubali tena."

"Na maamuzi yangu ya zamani? Yale ya mwanzo, nayo si yangu? Ayatupe basi."

"Yale ameshajifunza," Felix alisema.

Aliahidi kuandikia makao makuu, na aliandika kweli. Mtu wa kushughulikia mambo hayo angerudi kazini mwisho wa mwezi. Ramani mpya ilikuwa imeshatoka. Gari lingehamia Natta Jumatatu.

Zuleha alimfuata Heche kwenye kituo cha mafuta. Dereva alikuwa amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Mimi nakuamini, dada," Heche alisema kutoka kule chini. "Hata tembo wenyewe nawajua kwa sura. Ila mafuta natiliwa kwa ramani. Nikienda Machochwe kwa mafuta ya Natta, kesho si dereva."

Jumamosi asubuhi alimpigia Boke. Alisema habari yote kwa ufupi, bila viunganishi: gari linaondoka, ramani inasema kwenu hakuna tembo.

"Si uwaambie wewe," Boke alisema. "Wewe unajua kuandika."

"Nimewaambia, mama. Hawaniamini."

 Kuku walisikika, na mtu akiita mbwa.

"Pore, mwanangu," alisema, na hapakuwa na kejeli ndani yake. "Pore sana."

Kisha akauliza kama gari litaondoka asubuhi au jioni. Zuleha akasema asubuhi. Boke akasema basi mtama wa juu ataukata kesho baada ya ibada, hivyohivyo ukiwa mbichi, angalau upatikane wa uji, na Nikodemo bado ni wa mkono mmoja, hafai. Akamwomba Zuleha, kama ana nafasi, aje na kisu chake.

Zuleha akasema atakuja.